Kitabu kimoja, watoto wanane

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kwaya tatu, jalada gumu jeusi, kona nyekundu, aina ile ile ambayo makarani wa vyama vya ushirika wa mazao (AMCOS) huandikia kilo za korosho. Kurasa za mwanzo zina kilo kweli, maana awali lilikuwa la baba wa nyumba, karani wa mizani ghalani. Kuanzia katikati mwandiko unabadilika. Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula ukawa na safu tano: jina la kitabu, kilikotoka, mtoto aliyekijaribu, hukumu, na safu ya mwisho isiyo na kichwa, yenye herufi moja moja tu.

Nililiona dukani, Mtwara mjini. Mama mmoja alikuwa amekilaza kitabu cha hesabu juu ya meza, amekifungua katikati, anakikandamiza kwa kiganja kama anayesukuma chapati. Muuza duka alimtazama tu, maana wanafahamiana. Mama akakirudisha kitabu, akafungua daftari, akaandika neno moja: “Kitachanika.” Nilikuwa Mtwara kwa habari za mnada wa korosho, lakini neno hilo lilinikaa kichwani. Nikamwomba nikalione daftari kwa nafasi. Akakubali, kwa sharti kwamba jina lake na majina ya wanawe yasiandikwe.

Nyumba yao iko nje ya mji, njia ya kwenda Msimbati. Watoto ni wanane. Wa kwanza, binti, yuko kidato cha nne. Wa mwisho yuko elimu ya awali. Wazazi wote wawili asili yao ni upande wa Ndanda na Masasi, Wakatoliki wa tangu kwa babu, wakateremka pwani kufuata kazi. Watoto wote wanasoma shule za serikali na mama hana nia ya kuwatoa. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aandikishwe shule, naye anasema hata pasingekuwa na sheria angewapeleka. Ila kila siku saa moja jioni, baada ya rozari, mkeka unatandikwa na shule nyingine inaanza.

Ilianza Machi 2020, serikali ilipofunga shule kwa sababu ya korona. Taasisi ya Elimu Tanzania ikaandaa vipindi vya redio na televisheni, na nyumba nyingi zikajaribu kuvifuata. Kwa mama huyu redio ilikuwa moja na madarasa yalikuwa manne. Ikabidi atafute vitabu, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui kukichagua kitabu. Shule zilifunguliwa Juni 29 mwaka ule, na mkeka ukaendelea kutandikwa.

Marekani, familia za Kikatoliki zenye watoto wengi na zinazofundishia nyumbani huagiza masomo ya mwaka mzima kwa mkupuo, na ziko taasisi za kazi hiyo, kama Seton ya Virginia iliyoanza 1980. Mtoto wa darasa fulani huletewa vitabu vyake, mitihani yake na mwongozo wa mzazi. Mama wa njia ya Msimbati anakusanya kimoja kimoja, na hununua kwa majira: korosho zikiingia ghalani ndipo kibarua cha mume kinapopamba moto, na vitabu hununuliwa kabla ya Krismasi, hela zisije zikaliwa na sare za Januari.

Jaribio lake la kwanza ni la mgongo. Kitabu cha pini kinafaa kikiwa chembamba. Cha gundi ni cha kuogopwa, kwa kuwa joto la pwani huikausha gundi na karatasi zinaanza kutoka moja moja, mtoto wa tatu anakuta kurasa zimeruka. Kilichoshonwa kwa uzi ndicho anachokitafuta, na mara nyingi hakipo. Kwa hiyo hushona mwenyewe. Alinionyesha kitabu cha Kiswahili kilichopita kwa watoto sita. Mgongo wake umetobolewa matundu saba kwa msumari mwembamba, yamepangana sawasawa, na uzi uliopita humo umechomolewa kwenye gunia la korosho. Uzi wa gunia ni mnene mno kwa karatasi, basi huuchambua, akachukua nyuzi mbili, akazisokota upya pajani na kuzipaka nta ya kipande cha mshumaa ili zisikate karatasi. Sindano ni ile ile ya kushonea magunia. Juu ya kitabu kuna kava ya karatasi ya kaki, na juu ya kaki nailoni. Uji wa muhogo, ambao wengi huufanya gundi, hautumii kabisa. “Ukipaka muhogo umewaandalia mende chakula,” alisema. Vitabu vyote vinalala kwenye ndoo za rangi za lita ishirini zenye mifuniko, na chini ya kila ndoo kuna vipande vya mkaa vya kunyonya unyevu. Nilivifungua vingi, na sikuona penye ukungu.

Nimekaa sana kwenye uzi huu kwa sababu sijawahi kuona mwongozo wowote wa vitabu unaouliza swali lake la kwanza: kitabu hiki kitafika kwa mtoto wa ngapi?

Jaribio la pili ni la kusoma. Huazima kitabu, au humwomba muuzaji akiache kwake siku moja, kisha humpa mtoto ukurasa mmoja asome kwa sauti. Hamchagui mtoto mwepesi. Humchagua anayechelewa.

“Anayejua kusoma, kaka, atasoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua. Mimi namtazama yule anayekwama. Akikwama kwenye neno, hilo lake. Akikwama kwenye sentensi nzima, hiyo ya mwandishi.”

Jaribio la tatu ni la majibu. Yeye aliishia darasa la saba na halifichi hilo. Kitabu cha hesabu kisicho na majibu nyuma kinamtaka awe mwalimu wa hesabu, naye siye. Alichohitaji ni kiongozi cha mwalimu, na dukani hakukipata. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu imemsaidia, kwa sababu vitabu vya kiada vinasomeka humo bure, lakini bando si bure, na simu ni ya baba. Jumamosi hukaa nayo, akakokotoa maswali ya wiki pamoja na wakubwa, na majibu wanayokubaliana huyaandika nyuma ya daftari kwa kalamu nyekundu.

Hukumu zenyewe ningezisoma siku nzima. “Picha nzuri, maneno magumu.” “Kinamfaa wa nne, si wa tano.” “Kinarudia.” “Hiki ninunue viwili.” Kuhusu kitabu kimoja cha ziada chenye picha ya mikoko ameandika: “Hakijakosea, hakijatosha.” Picha ile inaonyesha mti wa namna moja wenye mizizi ya magoti, na watoto wake wanaishi jirani na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako mkoko, mkandaa, mchu na mlilana wanaitofautisha kwa kutazama jani tu. Aliwapeleka maji yalipokupwa, wakachora yote manne, na michoro hiyo sasa imeshonwa ndani ya kitabu chenyewe, baada ya ukurasa ule.

Vitabu vya dini vina kurasa zao, na hapo mama huyu ana hoja inayostahili kusikiwa na wakubwa. Kitabu cha shule hukitazama ithibati ya serikali. Kitabu cha dini hukitazama ruhusa ya askofu ya kuchapwa. Vyote viwili anaviheshimu na hanunui bila hivyo. Lakini, anasema, ithibati inamwambia kwamba kitabu kinafuata muhtasari, na ruhusa ya askofu inamwambia kwamba hakina upotofu wa imani. Hakuna muhuri unaomwambia kama mtoto wa miaka minane atakielewa. Hiyo kazi ameachiwa yeye.

Naye si wa kuachiwa bila kitu, maana nyanda hizi za kusini zina historia ndefu ya vitabu. Wabenediktini waliofungua misioni Peramiho mwaka 1898 na Ndanda 1906 walikuja kuweka mitambo ya uchapaji, na nyumba nyingi za Wakatoliki nchini zina kitu kilichotoka huko. Kwake ni Misale ya Waumini aliyoachiwa na mama yake. Hiyo haikupita kwenye jaribio lolote. Masomo ya Jumapili huzunguka miaka mitatu, A, B na C, kisha yanarudi. Aliyekuwa mchanga Mwaka A atayakuta masomo yale yale akiwa na akili za kuyasikia. Jumamosi jioni mmoja husoma injili ya kesho yake, na mdogo kuliko wote huulizwa nani alikuwa anasema na nani. Katekisimu ya picha iliyoletwa parokiani na wageni, ya Kiingereza, ya watoto waliovaa makoti mazito siku ya Komunio ya Kwanza, ina hukumu yake: “Picha tunaziazima, maneno nayasema mwenyewe.” Jirani yao Mwislamu huwaleta mabinti zake wawili kwa hesabu na Kiswahili. Wao hufika rozari ikishakwisha, na hakuna aliyewahi kupanga hivyo kwa maneno.

Misale inarudi. Mitaala hairudi, na hapa ndipo daftari linapouma kulisoma. Januari 2024 mitaala mipya ilianza kwa elimu ya awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza. Mwaka huo mtoto wake wa tano aliingia darasa la tatu, na wa nne akaingia la nne. Wa nne akabaki na mtaala wa zamani, wenye Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili. Wa tano akaanza Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Shule ya msingi ya wa nne ni ya miaka saba, ya mdogo wake ni miaka sita, kwa hiyo mwaka 2027 ndugu hawa wawili wanatarajiwa kumaliza pamoja, kila mmoja na vitabu vyake. Ndoo nzima ya vitabu vilivyoshonwa kwa uzi wa gunia, iliyokuwa inashuka kwa zamu tangu kwa dada yao mkubwa, ikakomea kwa wa nne. Kwenye daftari kuna ukurasa wenye vitabu kumi na kimoja, na mbele ya vyote ameandika hukumu moja kwa kalamu ya risasi, kana kwamba anatumaini kuifuta: “Kimeishia hapa.”

Sisemi mitaala isibadilike. Mengi katika mabadiliko yale yalidaiwa kwa miaka. Lakini nani aliyekaa akamfikiria mzazi ambaye akiba yake yote ya elimu imo kwenye ndoo ya rangi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la Oktoba 1965 kuhusu malezi ya Kikristo, ulisema wazazi ndio walimu wa kwanza, na kila mafundisho ya ndoa hurudia hivyo. Mwalimu wa kwanza hapewi orodha ya vitabu? Jumuiyani kwao mama alipendekeza wanawake waunganishe hukumu zao, kila nyumba ilete kitabu kimoja ilichokijaribu. Pendekezo lilipokelewa kwa makofi. Halijaanza.

Zile herufi za safu ya tano nilikuwa nimedhani ni za mtoto atakayerithi kitabu. Kumbe ni za atakayekifundisha, na karibu ukurasa wote ni herufi moja, ya binti wa kwanza. Nilimuuliza mwenyewe, mama yake akiwa anachambua uzi pembeni. Alisema anapenda kufundisha, na namwamini, kwa jinsi wadogo wanavyomgombania. Kisha akasema angependa walau jioni mbili kwa wiki asome vyake, kwa kuwa Novemba ana mtihani wa taifa. Mama alisikia. Hakujibu papo hapo. Baadaye aliniambia anaijua haki ya mwanawe, ila peke yake hawezi watoto saba.

Kati ya mtihani huo na kidato cha tano kutakuwa na miezi ya kukaa nyumbani. Mama ameshaihesabu na kuigawa: hesabu za wa tano, kusoma kwa wa saba, maandalizi ya Komunio ya wa sita. Binti naye ameihesabu. Anataka kwenda mjini kujifunza kompyuta, na nilipoaga walikuwa hawajakubaliana.