Unataka Kumwambia Soja Wako Asante? Cheki Hii Kabla Utume

Kuna wakati binamu yangu alikuwa Somalia na KDF. Siku moja netiwaki ikashika huko aliko, akanitumia picha. Yeye na kofia yake, jua kali, nyuma ukuta wa magunia ya mchanga. Mimi kwa mapenzi nikaibandika kwa stetasi ya WhatsApp: "Asante kwa kutulinda brathe, tuonane Jumatano."

Hata dakika kumi hazikuisha, auntie yangu, mamake, akapiga. Hakusalimia. "Wewe, toa hiyo kitu sahi. Unataka waniletee nini hapa?"

Nikatoa. Lakini watu 63 walikuwa washaiona, na ukiniuliza hao 63 ni akina nani, maze, nusu siwajui. Fundi wa friji ako hapo. Msee aliniuzia raba Gikomba ako hapo.

Shida haikuwa asante. Shida ilikuwa vile vitu vingine nilipakia pamoja na asante. "Jumatano" inaambia mtu kuna wasee wanasafiri Jumatano. Ule ukuta, ule mti pembeni, vile jua limekaa, mtu anayejua hiyo sehemu anaweza kukuambia ni kambi gani. Na usidhani hakuna mtu anasoma. KDF waliingia Somalia Oktoba 2011, na msemaji wao wa wakati huo alikuwa anatuma taarifa za vita kwa Twitter, mpaka akaonya kwamba makundi makubwa ya punda waliobeba mizigo yatahesabiwa kuwa shughuli za Al-Shabaab. Watu walicheka sana hiyo ya punda. Lakini Desemba mwaka huo huo Al-Shabaab nao wakafungua akaunti yao, kwa Kiingereza safi, wakaanza kujibizana na huyo msemaji hadharani. Kwa hivyo wako online kitambo, na bando wanayo.

Halafu kuna simu yenyewe. Ukipiga picha na lokesheni imewashwa, simu inaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa namba kabisa. WhatsApp ikituma picha kawaida hufuta hizo namba. Lakini ukiituma kama dokumenti ndio isipoteze kwoliti, namba zinabaki na zinasafiri nayo. Watu wa mazoezi nao walishangaa Januari 2018, wakati ramani ya Strava, ile programu ya kurekodi mbio, ilionyesha njia za watu wanaokimbia kuzunguka kambi za kijeshi Syria na Afghanistan. Hakuna aliyetaka kuchoma mtu. Walikuwa wanahesabu kilomita tu.

Mfano mbaya zaidi ni wa Ukraine. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, wanajeshi wa Urusi walikuwa wamewekwa kwa jengo la chuo cha ufundi mji wa Makiivka. Dakika moja baada ya saa sita usiku, roketi za Ukraine zikashuka. Urusi yenyewe ilisema watu wake 89 walikufa, na ikasema sababu kubwa ni wanajeshi kutumia simu kwa wingi. Kuna waliojibu kwamba wakubwa walikuwa wanatafuta wa kulaumu, kwa sababu ni wao walijaza watu wote jengo moja. Mimi naona zote mbili zinaweza kuwa kweli. Na unajua simu hufanya nini saa sita ya New Year.

Sasa usinielewe vibaya, asante zenyewe ni za maana na watu wamezitafutia njia tangu kitambo. Vita Kuu ya Pili barua zilikuwa zinajaza meli. Mwaka 1942 Marekani wakaleta kitu kinaitwa V-mail: unaandika kwa karatasi maalum, inakaguliwa, inapigwa picha kwa filamu ndogo, filamu inasafirishwa, halafu upande ule mwingine inachapishwa tena. Barua ambazo zingejaza magunia 37 zikaingia gunia moja. Waingereza walikuwa wametangulia mwaka mmoja na yao, Airgraph. Halafu 2001, baada ya bahasha za kimeta kutumwa kwa watu huko Marekani, jeshi lao likafunga kabisa zile barua za "mwanajeshi yeyote" kutoka kwa wasiojulikana. Mwaka 2006 Xerox wakaja na tovuti: ulikuwa unachagua mchoro uliochorwa na mtoto, unaweka maneno yako, wao wanachapa kadi na kuipeleka. Soja alikuwa anapata asante, hakuna aliyejua ako wapi, na hakukuwa na bahasha ya mtu asiyejulikana.

Hapa kwetu sijaona kitu kama hicho. Ukitaka kushukuru jeshi kwa jumla, Oktoba 14 ni KDF Day, na kurasa zao rasmi hujaa pongezi. Andika hapo, hautaji mtu, hauchomi mtu. Na najua kuna mwenye ashaanza kuniuliza asante ya nini, na tuliona magari ya jeshi tao Juni 2024. Hiyo stori ni kubwa na ina siku yake. Mimi naongea juu ya msee mmoja amekaa kwa handaki na joto, na simu yake inashika netiwaki mara moja moja.

Kwa huyo msee, tuma maandishi ama rekodi fupi ya sauti, si video ya dakika tano. Netiwaki yake haitaibeba. Usiulize ako wapi, usiulize anarudi lini, usitaje kikosi. Ukiona tiki moja ya kijivu usianze kununa. Inamaanisha simu yake imezimwa ama hakuna netiwaki. WhatsApp huweka ujumbe ambao haujafika kwa siku 30 halafu inaufuta, kwa hivyo akinyamaza mwezi mzima, tuma tena. Picha akikutumia, ibaki kwa simu yako.

Na kukitokea shambulio, usiposti jina. Januari 2016, El Adde, picha za wanajeshi wetu waliouawa zilizunguka kwa simu mpaka serikali ikaonya watu waache kuzisambaza. Hiyo RIP yako na mishumaa inaweza kumfikia mathe wake kabla ya mtu wa jeshi kubisha mlango.

Baada ya ile kelele ya auntie, mimi nilimtumia binamu hii: "Mathe yako anasema una deni la chapo. Tunashukuru sana." Tiki moja, siku tisa. Ya kumi akajibu, "Chapo ngapi?"