Je, Wajua? Kiganja Ndicho Kigeuzacho Slaidi

Slaidi inaporuka yenyewe unapoiandikia kwa kalamu kwenye kishikwambi mbele ya wajumbe, tuseme katika Ukumbi wa Simba pale AICC, Arusha, mara nyingi kalamu haina kosa. Mkosaji ni kiganja. Kioo cha kishikwambi hakipimi nguvu ya kubonyeza. Kinapima mabadiliko ya chaji za umeme, na mwili wa binadamu hupitisha umeme. Ndiyo maana asubuhi ya Julai, baridi ya Meru ikishuka, kidole kilichovikwa glavu nene ya sufu hakifungui simu.

Utasema: basi kalamu na kiganja ni mamoja? La. Kalamu ya kielektroniki hutoa ishara yake, na kioo huihisi ikiwa bado hewani, takribani sentimita moja juu. Hapo kishikwambi huanza kupuuza mkono. Balaa huja kiganja kikitangulia kutua. Kwa hiyo kukimbilia kununua kalamu mpya ni pupa. Tanguliza ncha, mkono ufuate; au ingia kwenye mipangilio ya kalamu, uzuie mguso kalamu inapotumika. Na ile ya bei rahisi yenye ncha ya mpira? Hiyo kioo huiona kama kidole tu, na mpangilio huo wa kalamu hauwezi kuitenga na kiganja.