Wauza safari za ndoano Kampala wangali wanabahatisha maji ya Nile

Biashara ya kuwapeleka watu kuvua kwa ndoano katika Nile ya Viktoria huendeshwa zaidi kutoka Kampala. Magari hukodishwa hapa, wageni hulala hapa usiku wa kwanza, na malipo hupokelewa hapa, mengi yakiwa ya dola. Lakini faida yake huamuliwa kwenye malango ya mabwawa, na wanaoyafungua hawana desturi ya kumpa taarifa mwenye mashua.

Mfanyabiashara mmoja aliyeuza safari hizi kwa miaka mingi aliomba asitajwe, kwa kuwa angali anategemea vibali. Malalamiko yake yanastahili kusikilizwa kwa urefu. Jioni, anasema, Kampala huwasha taa, pasi na majiko kwa wakati mmoja, na mitambo ya kufua umeme huongezewa maji. Usiku ukienda, maji hupunguzwa. Chini ya bwawa kina cha mto hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Mashua iliyofungwa jioni hukutwa alfajiri imekaa juu ya mawe. Kisinja, samaki wa maji ya kasi ambaye wavuvi wa ndoano humfuata kati ya Jinja na Kayunga, huhama sehemu alizozoea, na mwongozaji aliyemjua jana hana la kumwonyesha mteja leo. Mteja hudai fedha zake, ilhali mafuta ya gari na ya mashua yameshateketea. Madai hayo humwangukia yeye, kwa sababu hakuna mteja anayejua pa kulidai bwawa.

Hadai fidia. Anachotaka ni ratiba: ujumbe mmoja wa simu kila jioni unaosema kesho maji yatafunguliwa kiasi gani na saa ngapi. Amekwisha kuomba kwa barua na kwa mdomo, na kila ofisi imemwelekeza kwa nyingine.

Afisa mmoja anayeifahamu sekta ya umeme ana jibu la tarakimu. Uganda, anasema, sasa ina uwezo wa kufua zaidi ya megawati 2,000, na nchi haiwezi kupanga mitambo yake kwa ajili ya watalii wachache wenye fimbo za kuvulia. Tarakimu hiyo si ya uongo, ila haijibu swali. Uwezo wa mitambo si umeme unaotumika, na walipa bili wanajua kwamba sehemu ya umeme usiotumika nayo hulipiwa kwa mujibu wa mikataba. Zaidi ya hayo, kiasi cha jumla cha maji yanayopaswa kutoka Ziwa Viktoria hufuata kina cha ziwa, kwa utaratibu uliokubaliwa na Misri tangu enzi ya bwawa la kwanza. Makubaliano hayo hayamkatazi mtu kutangaza saa. Anayeendesha mitambo anajua leo atakachokifanya kesho, na kumwambia mvuvi hakutampunguzia hata megawati moja.

Wauzaji wamejifunza kutoziamini ahadi, na historia inawaunga mkono. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 na kuyazamisha maporomoko ya Ripon. Bujagali ilianza kazi mwaka 2012 na kuyafunika maporomoko yaliyokuwa yakiilisha Jinja ya utalii. Wenye mitumbwi ya mpira na wenye ndoano wakateremka chini zaidi, wakiwa wameahidiwa kwamba maporomoko ya Kalagala na Itanda yangeachwa kama yalivyo ili kufidia kilichopotea. Mwaka 2019 likaja bwawa la Isimba, na ziwa lake likapanda hadi kuigusa sehemu ya eneo hilohilo. Mtu aliyehamishwa mara mbili ana haki ya kuuliza kuhusu mara ya tatu.

Kwingineko mambo hupangwa vingine. Kenya ilipandikiza trauti katika mito ya Aberdare tangu mwaka 1905, na hadi leo mito ya Mlima Kenya huvuta wavuvi wa ndoano. Marekani iko mito ambayo uchumi wake wote wa trauti umejengwa chini ya mabwawa, kwa sababu maji yanayotoka chini kabisa ya bwawa ni baridi, na saa za kuyafungua hutangazwa kwa umma. Trauti haitaishi Jinja. Nile inatoka juu ya ziwa ikiwa na joto la nyuzi 25 hivi. Ila ratiba haihitaji maji baridi.

Fedha nono ziko Murchison, chini ya maporomoko ya mita 43, ambako mputa, yaani sangara, wa zaidi ya kilo 100 wamewahi kunaswa kwa ndoano. Mgeni hulipia mbuga, mashua, mwongozaji na vitanda, kisha samaki hurudishwa majini. Hapo pana hofu nyingine: mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo. Yakikaushwa, kilo yake huuzwa mara nyingi zaidi ya bei ya minofu katika masoko ya China, na mputa mkubwa aliyerudishwa mchana ni kishawishi kwa mwenye wavu usiku. Juu ya mto, bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa rasmi mwaka 2024. Mwaka 2019 palizuka hata pendekezo la bwawa jirani na maporomoko ya Uhuru, ndani ya mbuga yenyewe. Wenye biashara ya utalii walilipinga kwa nguvu, lakini hawaamini kwamba limezikwa.

Matarajio ni ya kusuasua. Wapo wanaosema wateja wa ndani, hasa familia za Kampala zinazotafuta mahali pa kwenda wikendi, wataiokoa biashara jinsi walivyoiokoa baada ya uwanja wa ndege wa Entebbe kufungwa kwa miezi kadhaa mwaka 2020. Huenda. Familia hizo hulipa kwa shilingi na husafiri siku moja, na siku moja ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi zaidi na lango lililofunguliwa bila taarifa. Kwa sasa muuzaji wetu huchukua malipo ya awali kwa safari za Murchison pekee. Za Jinja huziuza kwa sharti lililoandikwa kwenye risiti: mto ukibadilika, mteja atahamishiwa kwenye mabwawa ya kufugia ngege kando ya barabara ya Mukono, kwa nusu ya bei.