Robo dola zenye sura za mbuga na wanyama: ipi ina thamani, na ipi ni senti 25 tu?

Katika nyumba nyingi nchini Marekani, zikiwemo za Waswahili waliohamia huko, si ajabu kukuta kopo au mtungi uliojaa sarafu za robo dola. Ni sarafu zinazohitajika kila juma kwa ajili ya mashine za kufulia nguo. Upande mmoja zina sura ya George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Upande wa pili umekuwa ukibadilika tangu mwaka 1999, na hapo ndipo matumaini ya watu wengi yanapoanza.

Uvumi kwamba robo dola fulani inauzwa kwa maelfu ya dola huenea haraka kwenye mitandao. Wapo wanaoziweka akiba kwa miaka wakitarajia faida, na wapo wanaonunua seti nzima kwa bei kubwa. Ukweli ni kwamba nyingi mno kati ya sarafu hizo zina thamani ya senti 25, na chache tu ndizo zinazozidi hapo.

Majimbo kwanza, mbuga baadaye

Kati ya mwaka 1999 na 2008, serikali ya Marekani ilitoa robo dola za aina 50, moja kwa kila jimbo, tano kila mwaka. Delaware ilitangulia na Hawaii ikamalizia. Majimbo kadhaa yalichagua viumbe na mandhari ya nchi: Alaska ilionyesha dubu aliyekamata samaki, na California ilimwonyesha kondori, ndege mkubwa wa jamii ya tumbusi, akiruka kwenye bonde la Yosemite.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2008 ilifungua mlango wa mpango wa pili, uliohusu hifadhi za taifa na maeneo mengine ya kitaifa. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2021 zilitolewa sarafu za aina 56: moja kwa kila jimbo, moja kwa mji mkuu Washington, na tano kwa himaya za visiwa kama vile Puerto Rico na Guam. Ya kwanza ilikuwa ya chemchemi za maji moto za Hot Springs, jimbo la Arkansas.

Miongoni mwake imo sarafu ya Yellowstone yenye nyati wa Marekani mbele ya chemchemi inayorusha maji juu. Ya Samoa ya Marekani ina popo jike akiwa na mwanawe. Ya mbuga ya nyasi ndefu ya Kansas ina kipepeo. Ya ghuba ya Salt River, katika Visiwa vya Virgin, ina mkoko, mti ambao mtu wa Lamu au Rufiji hahitaji kuelezwa.

Wala wazo hilo si geni Afrika Mashariki. Kenya ilizindua sarafu mpya Desemba 2018, ambapo twiga yumo kwenye shilingi moja, kifaru kwenye shilingi tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini.

Kwa nini nyingi hazina faida

Thamani ya sarafu kwa wakusanyaji hutegemea mambo matatu: zimetengenezwa ngapi, iko katika hali gani, na ni watu wangapi wanaoitaka.

Kwa jambo la kwanza, robo dola za kisasa zina kasoro kubwa, nayo ni wingi. Ile ya jimbo la Virginia ya mwaka 2000 pekee ilitengenezwa zaidi ya bilioni moja na nusu. Aidha, mamilioni ya watu waliziweka majumbani, hivyo uhaba hauwezi kutokea kwa urahisi.

Madini nayo hayasaidii. Hadi mwaka 1964 robo dola ilikuwa na asilimia 90 ya madini ya fedha. Tangu wakati huo, zile za matumizi ya kawaida ni za shaba iliyofunikwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Madini hayo hayafikii thamani ya senti 25.

Herufi ndogo ya kuangaliwa

Hata hivyo, ipo tofauti muhimu. Nyuma ya shingo ya Washington kuna herufi ndogo inayoonyesha sarafu ilikotengenezwa. P ni Philadelphia na D ni Denver, na hizo ndizo za kawaida. S ni San Francisco, ambako robo dola za miaka hii zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji.

Herufi inayotafutwa ni W, ya kiwanda cha West Point katika jimbo la New York. Mwaka 2019 na 2020, sarafu milioni mbili za kila mchoro zilitengenezwa huko na kuchanganywa na nyingine katika mzunguko wa fedha. Zile za mwaka 2020 zina pia alama ndogo ya V75, kukumbuka miaka 75 tangu kumalizika kwa Vita Vikuu vya Pili. Popo wa Samoa na kipepeo wa Kansas wamo katika kundi hilo. Sarafu hizi huuzwa kwa dola kadhaa, na zilizo safi kabisa huuzwa kwa zaidi.

Zipo pia zenye makosa ya kiwandani. Mashuhuri ni ile ya Wisconsin ya mwaka 2004 kutoka Denver, ambayo baadhi yake zina jani la ziada kwenye gunzi la hindi.

Hali ya sarafu hupimwa kwa alama 1 hadi 70. Sarafu ya kawaida iliyopata alama za juu kabisa inaweza kuuzwa kwa bei kubwa, lakini ada ya kupimiwa aghalabu huzidi thamani ya sarafu yenyewe.

Tahadhari

Wakusanyaji wazoefu hushauri sarafu isisuguliwe wala kung'arishwa, kwani kusafisha hupunguza thamani. Robo dola zilizopakwa rangi au dhahabu baada ya kutoka kiwandani huhesabiwa kuwa zimeharibiwa, hata ziuzwe katika kisanduku cha kupendeza. Na bei anayoitaja muuzaji si bei ya soko. Kipimo ni kiasi ambacho wanunuzi wamekwisha kulipa.

Kwa wanaorejea Afrika Mashariki lipo jambo jingine: benki na maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hayapokei sarafu za kigeni. Kopo la robo dola likishavuka bahari huwa kumbukumbu tu.

Kama kumbukumbu, hata hivyo, gharama yake ni ndogo. Anayezikusanya zote 56 za hifadhi kutoka katika chenji ya dukani atakuwa ametumia dola 14, na zikimchosha, dola 14 hizo bado zitapokelewa dukani palepale. Anayenunua seti hiyohiyo kwa mamia ya dola huenda asipate kamwe wa kumrudishia fedha zake.