Kilemba cha Ukoka na Kilemba cha Fundi: Kofia za Wanawake katika Eneo la Nakuru

Utangulizi

Neno kilemba lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Maana iliyo wazi ni kitambaa kirefu kinachozungushwa kichwani. Maana nyingine, ambayo vijana wengi hawaikumbuki, ni ada anayopewa fundi na mwanagenzi wake anapohitimu kazi aliyofundishwa. Isitoshe, lugha ina msemo wa kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumpa sifa zisizokuwa na ukweli ndani yake. Ukoka ni nyasi, na nyasi hunyauka. Maana hizi tatu zinafaa kuwekwa pamoja mtu anapozitazama kofia zinazofumwa na wanawake wa Nakuru na viunga vyake. Wafumaji hawa husifiwa kwa wingi. Suala ni kama sifa hizo ni kilemba cha ukoka au ni kilemba cha fundi.

Makala haya yanaeleza jinsi kofia ya mwanamke ilivyofika katika Bonde la Ufa la kati, jinsi inavyofumwa kwa mkono hivi leo, na jinsi lugha yenyewe inavyohusika katika thamani anayopewa mfumaji.

Kofia katika msamiati wa Kiswahili

Ni vyema kuanza na msamiati. Neno kofia linahusishwa na neno la Kiarabu kufiyya. Chapeo, ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hulikuta katika Waraka kwa Waefeso likiwa na maana ya kofia ya vita, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kofia ya kawaida tu. Yapo pia tarbushi, bulibuli ambayo ni kofia nyeupe iliyodariziwa, na pama ambayo ni kofia yenye ukingo mpana. Kwa upande wa wanawake kuna ushungi, mtandio, dusumali na leso.

Mtu akiyapanga maneno haya katika safu mbili atagundua jambo. Vazi la kichwani la mwanamume wa pwani ni kitu kilichoshonwa kikapata umbo lake, ilhali la mwanamke ni kitambaa kinachofungwa au kutandwa. Hata hivyo, kofia za kudarizi za Lamu na Unguja, zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa ustadi mkubwa, zimekuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya wanawake. Mke alimdarizia mumewe, na wengine walidarizi ili kuuza. Kwa hivyo, mwanamke wa Uswahilini alikuwa mtengenezaji wa kofia kabla hajawa mvaaji wake. Historia ya bara, kama itakavyoonekana, inakaribiana na hiyo.

Kofia ya jua na ujio wa reli

Kabla ya ukoloni, wanawake wa jamii za Bonde la Ufa hawakukosa pambo la kichwani. Mwanamke wa Kimaasai, kwa mfano, alinyoa kichwa na kukipamba kwa shanga. Vazi kubwa la kichwani lilikuwa la morani, ambaye aliweza kuvaa taji la manyoya ya mbuni au la manyoya ya shingo ya simba.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na katika miaka iliyofuata walowezi wakaanza kumiliki ardhi. Wake zao walikuja na kofia za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kofia ngumu ya jua iliyotengenezwa kwa kiini chepesi cha mmea na kufunikwa kitambaa. Ya pili iliitwa terai, jina la eneo lililo chini ya milima ya Himalaya, nayo ilikuwa kofia pana ya sufu iliyoshindiliwa, mara nyingi yenye matabaka mawili. Sababu ya kuzivaa ilikuwa imani kwamba jua la Afrika lingeweza kudhuru ubongo na uti wa mgongo wa Mzungu. Imani hiyo ilififia kufikia miaka ya Vita vya Pili vya Dunia na baadaye. Kwa muda wote ilipodumu, kofia ilikuwa pia alama ya utawala: aliyeivaa alijulikana kutoka mbali kuwa si mtu wa kuinama shambani.

Wakati huohuo, kofia za wanawake wa Ulaya zilikuwa zimejaa manyoya ya ndege, yakiwemo ya mbuni. Biashara hiyo iliwaangamiza ndege wengi kiasi kwamba mwaka 1921 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa manyoya ya aina nyingi za ndege, ingawa ya mbuni hayakuguswa. Katika miaka hiyo ya 1920 mtindo ulibadilika, na kofia ndogo yenye umbo la kengele, inayokumbatia kichwa hadi karibu na nyusi, ikachukua nafasi. Kufikia miaka ya 1960 desturi ya mwanamke wa Ulaya kutotoka nyumbani bila kofia ilikuwa imedhoofika. Inafaa kuzingatia kwamba manyoya ya mbuni, ambayo yalihesabiwa kuwa urembo wa kistaarabu juu ya kichwa cha bibi wa London, yalihesabiwa kuwa alama ya ushenzi juu ya kichwa cha morani. Kilichobadilika si unyoya bali ni kichwa.

Kanisa, shule na sindano

Mwanamke Mwafrika wa eneo hili alipata vazi jipya la kichwani kupitia kanisani. Mafundisho ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho kuhusu mwanamke kufunika kichwa anaposali yalikifanya kitambaa kuwa sehemu ya mavazi ya ibada, na vyama vya akina mama vya makanisa mbalimbali vikakifanya kuwa sare. Wakorino, ambao chimbuko lao ni miongoni mwa Wagikuyu katika miaka ya 1920, walikwenda hatua zaidi: kwao wanaume na wanawake huvaa kilemba, na waumini hao huonekana mara kwa mara katika mitaa ya Nakuru.

Sindano nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kushona na kufuma. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, vikundi vyake navyo vilifundisha ushonaji, ufumaji na utunzaji wa nyumba. Mafunzo haya yaliwafaa wengi. Hata hivyo, yalikuwa na athari ambayo haijaisha. Mvulana alipofundishwa useremala alifundishwa kazi ya kuuza. Msichana alipofundishwa kufuma alifundishwa kuwa mke mwema. Ujuzi wake uliingia nyumbani ukiwa fadhila, na fadhila haina bei.

Sufu ya nyanda za juu

Eneo la Nakuru lina sababu zake za kuwa na kofia za kufuma. Njoro, Molo na Mau Summit ni nchi ya baridi; Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Aidha, ni nchi ya kondoo. Mlowezi Delamere, aliyepata ardhi Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, aliagiza kondoo wa aina ya merino na kuwazalisha na kondoo wa Kimaasai. Kondoo wengi walikufa, na baadaye ikabainika kwamba udongo wa sehemu hizo ulikuwa na upungufu wa madini. Hata hivyo, ufugaji wa kondoo ulibaki, na sufu ikabaki.

Mfano mashuhuri wa matumizi ya sufu hiyo ni mradi wa Kenana Knitters, ulioanzishwa mwaka 1998 katika shamba la Kenana, Njoro, si mbali na Chuo Kikuu cha Egerton. Mradi huo uliwakusanya wanawake wa vijijini waliojua kusokota na kufuma lakini hawakuwa na soko. Sufu ilisokotwa kwa mkono na kutiwa rangi zilizotokana na mimea. Walifuma wanyama wa kuchezea watoto, kofia na bidhaa nyingine zilizouzwa hadi ng'ambo. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba kibandiko cha bidhaa kilibeba jina la mwanamke aliyeifuma. Kwa njia hiyo kazi ilipata mwenyewe.

Mbali na miradi kama huo, wapo wanawake wengi wanaofuma mmoja mmoja, vibarazani na sokoni. Wao hufuma kofia za watoto, kofia za kubana kichwa ambazo mitaani huitwa marvin, na kofia za wanawake zenye ukingo na maua ya uzi. Wengi hutumia nyuzi za viwandani kwa kuwa ni rahisi kupatikana.

Hesabu iliyomo ndani ya kofia

Anayedhani kwamba kufuma kofia ni kupitisha wakati hajaitazama kazi yenyewe. Mfumaji wa sindano ya kulabu huanza na kipimo cha kichwa, kinachozungushwa juu ya nyusi na masikio. Tuseme ni sentimita 56. Kwa kuwa mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, sehemu ya juu ya kofia inatakiwa kuwa duara bapa lenye kipenyo cha sentimita 18 hivi. Duara hilo huanzia kwenye kitanzi kimoja chenye vishono 6. Katika kila mzunguko huongezwa vishono 6: mzunguko wa pili huwa na 12, wa tatu 18, wa nne 24, na kuendelea. Akiongeza vichache mno, duara hujikunja kama bakuli kabla ya wakati; akizidisha, hujikunjakunja kama jani la kabichi.

Kipenyo kinapotimia, mfumaji huacha kuongeza. Vishono vikibaki idadi ileile, ufumaji huteremka wenyewe na kuwa ubavu wa kofia. Akitaka ukingo mpana huanza tena kuongeza, kisha hukaza uzi au kutia wanga ili ukingo usilegee. Mara nyingi mfumaji hafanyi hesabu hizi katika karatasi, anazo vidoleni. Hilo halizifanyi kuwa si hesabu.

Lugha na malipo

Chukua mfano wa kubuni: kofia iliyotumia uzi wa shilingi 250 na saa 8 za kazi inauzwa kwa shilingi 500. Mfumaji amebaki na shilingi 250, yaani takriban shilingi 31 kwa saa, kabla ya kuhesabu nauli na ada ya soko. Mnunuzi anayeomba apunguziwe hadi shilingi 400 kwa kuwa 'ni uzi tu' haoni kwamba anapunguza saa za mtu wala si uzi.

Lugha ina sehemu yake katika hali hii. Kwanza, majadiliano ya bei huanza kwa kudunisha: mnunuzi huuliza bei ya 'kakofia haka', na kiambishi hicho kidogo kimeshapunguza bei kabla pesa hazijatajwa. Pili, anayeshona nguo kwa cherehani ni fundi, anayetengeneza viatu ni fundi, lakini mwanamke anayefuma huitwa 'mama wa sweta'. Jina la mama ni la heshima, ila halitaji ujuzi. Tatu, vielelezo vingi vya ufumaji huandikwa kwa Kiingereza, hivyo ujuzi hupitishwa kwa kuonyeshana tu, na asiyekuwa karibu na mjuzi hukosa.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya. Kiswahili kina maneno yanayoweza kutumika: utosi kwa sehemu ya juu ya kofia, ubavu kwa sehemu inayoteremka, ukingo kwa sehemu inayotokeza, kitanzi, kishono, mzunguko, kuongeza na kupunguza. Kinachohitajika ni kwenda kwa wafumaji wenyewe, kusikiliza wanavyoziita sehemu hizi, kuyalinganisha maneno yao na ya wadarizi wa pwani, na kuandika vielelezo vinavyoeleweka. Istilahi haiongezi bei kwa siku moja, lakini kazi isiyo na majina ni vigumu kuifundisha, kuiandikia mapatano au kuidai malipo.

Hitimisho

Imebainika kwamba kofia ya mwanamke katika eneo la Nakuru imepitia mikono mingi: ya mlowezi aliyeogopa jua, ya kanisa lililotaka kichwa kifunikwe, na ya mfumaji anayeigeuza sufu kuwa riziki. Katika safari hiyo yote mwanamke amekuwa fundi bila kuitwa fundi. Kwa desturi ya Waswahili, fundi hulipwa kilemba. Kusifu kofia kwa maneno matamu, kisha kuteta juu ya shilingi 100 zake, ni kumvika mfumaji kilemba cha ukoka, naye anajua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi kilemba cha kweli kinavyotengenezwa.