Dawa za Maumivu na Figo: Somo Kutoka Moshi

Mkulima wa Kibosho anayeshuka mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mwuza ndizi anayesimama kutwa katika soko la Mbuyuni mjini Moshi, na mpagazi anayeteremka kutoka Kibo baada ya siku kadhaa za safari, wote watatu wanalijua jambo moja: magoti huuma. Jioni hupita dukani, hununua vidonge, humeza, na maumivu hupungua. Asubuhi hurudi kazini. Kwa hiyo kila mmoja wao ameona mwenyewe kwamba dawa inafaa. Lakini je, anajuaje kwamba dawa hiyo ni salama?

Maswali haya mawili hufanana, lakini hayajibiwi kwa njia moja. Kufaa kwa dawa ya maumivu huweza kuonekana kwa mtu mmoja katika muda wa saa moja. Madhara yake, hasa yale yasiyotokea mara nyingi, huonekana tu kwa kuwahesabu watu wengi, na pengine kwa miaka mingi. Makala haya yaeleza hesabu hiyo hufanywaje, na mji wa Moshi umetufundisha nini.

Dawa inavyofanya kazi

Mwili unapojeruhiwa au kuvimba, chembe zake hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi huzidisha uchungu na kuleta homa. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini huzuia kutengenezwa kwa kemikali hizo, na kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo leo zimejaa madukani, hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Dawa hizi tutaziita jamii ya aspirini.

Lakini prostaglandini hazikuwekwa mwilini ili kutuumiza tu. Tumboni hulinda ukuta wa ndani usiunguzwe na asidi. Katika figo huifanya mishipa midogo inayoingiza damu ibaki wazi. Mtu mwenye afya, aliyekunywa maji ya kutosha, hauhitaji sana msaada huo wa pili. Aliyepungukiwa na maji mwilini, kama mpagazi aliyetoka jasho siku nzima au mgonjwa wa kuhara, anauhitaji sana. Akimeza dawa za jamii ya aspirini katika hali hiyo, mishipa hujibana, damu hupungua katika figo, nazo figo huweza kushindwa kuchuja uchafu. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mzee, na kwa mtu anayetumia pia baadhi ya dawa za shinikizo la damu.

Parasetamoli haimo katika jamii hiyo. Kwa kipimo cha kawaida haisumbui sana figo wala tumbo, lakini ikizidi huharibu ini. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengine hutakiwa kutumia pungufu ya hapo. Hatari hutokea hasa mtu anapomeza dawa mbili zenye majina tofauti ya biashara bila kujua kwamba zote mbili zina parasetamoli ndani yake.

Kwa nini shahidi mmoja hatoshi

Tuseme dawa fulani humdhuru mtu mmoja katika kila 1,000. Mwuguzi mmoja ameitoa kwa wagonjwa 100. Je, ataliona dhara hilo? Uwezekano kwamba mgonjwa mmoja hatadhurika ni 0.999. Uwezekano kwamba wote 100 hawatadhurika ni 0.999 kuzidishwa kwa yenyewe mara 100, nao ni karibu 0.90. Maana yake ni kwamba katika wauguzi kumi waaminifu, tisa watasema kwa dhati kwamba hawajaona dhara lolote. Ili tuwe na uwezekano wa 95 kwa mia wa kuliona dhara hilo japo mara moja, hatuna budi kuwafuatilia watu wapatao 3,000.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa maharage. Tia katika kikombe maharage 99 meupe na moja jekundu. Kila mwanafunzi achote moja bila kutazama, alirudishe, atikise, achote tena, hata afikishe mara kumi. Katika darasa la wanafunzi 40, kwa wastani 36 hawataliona jekundu kamwe. Hata hivyo jekundu limo kikombeni.

Wanawake wa Basel

Mfano mmoja mashuhuri watoka Uswisi. Kuanzia miaka ya 1950 madaktari wa huko walishuku kwamba fenasetini, dawa ya maumivu iliyotumiwa sana wakati ule, ilikuwa ikiharibu figo. Lakini dhana si ushahidi. Mwaka 1968 watafiti walianza kuwafuatilia wanawake wa eneo la Basel: 623 waliotumia dawa hiyo mara kwa mara na 621 ambao hawakuitumia hivyo. Ili kuwatambua watumiaji hawakutegemea maneno tu, kwa sababu watu husahau au huona haya, walipima mkojo. Matokeo ya mwaka 1983 yalionyesha kwamba dalili za kudhoofika kwa figo zilikuwa nyingi zaidi miongoni mwa watumiaji. Mwaka huo huo fenasetini iliondolewa sokoni nchini Marekani.

Tazama kilichoupa utafiti huu nguvu. Palikuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo, palikuwa na kipimo badala ya kumbukumbu, na palikuwa na subira ya miaka mingi.

Hesabu ya Moshi

Mwaka 2014 watafiti wa Hospitali ya KCMC, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walikwenda katika kaya za wilaya za Moshi Mjini na Moshi Vijijini. Kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Hilo ni jambo la msingi, kwa maana anayewahesabu wagonjwa waliokwisha kufika hospitalini hawaoni wale ambao hawajui kwamba wanaumwa. Watu wazima 481 kutoka kaya 346 walipimwa damu na mkojo.

Ilikadiriwa kwamba watu 7 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini walikuwa 15.2 kwa mia, vijijini 2.0 tu. Wengi wao hawakuwa na habari, kwani ugonjwa wa figo huanza bila maumivu. Tena, karibu nusu ya wenye ugonjwa hawakuwa na shinikizo la juu la damu, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI, ambavyo ndivyo visababishi vilivyopimwa. Basi figo zao ziliharibiwa na nini?

Hapo ndipo dawa zinapoingia katika orodha ya vitu vya kuchunguzwa. Watafiti hao waliona pia kwamba matumizi ya dawa za asili ni ya kawaida katika eneo hilo, na kwamba wapo wanaozitumia pamoja na dawa za hospitali. Dawa za jamii ya aspirini nazo hupatikana kwa urahisi. Lakini msomaji asikimbilie uamuzi. Utafiti wa Moshi haukusema kwamba vidonge vya magoti ndivyo vilivyoharibu figo za watu wa mjini. Jogoo huwika na jua likachomoza, wala hakuna anayesema kwamba jogoo ndiye aliyelileta jua. Mtu mwenye maradhi ya muda mrefu huweza kumeza vidonge vingi kwa sababu anaumwa. Tukiona vidonge na ugonjwa pamoja, hatujajua kipi kilitangulia. Kulijua hilo kunahitaji kuwafuatilia watumiaji na wasiotumia kwa miaka, kama ilivyofanyika Basel.

Upande wa pili wa mizani

Ingekuwa kosa kubwa mtu akimaliza makala haya akaziogopa dawa. Maumivu yasiyotibiwa nayo ni madhara. Aliyevunjika mguu akashindwa kulala, au mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha, amenyimwa haki yake. Kwa maumivu makali ya saratani Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1986, na mofini ya kunywa imo ndani yake. Jirani zetu wa Uganda walianza kuitumia katika huduma za wagonjwa mahututi mwaka 1993, na baadaye wakawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika.

Kwa hiyo utafiti mzuri hupima pande zote mbili, nafuu na madhara. Nafuu hupimwaje, na hali maumivu hayaonekani? Huulizwa mgonjwa mwenyewe. Katika huduma za wagonjwa mahututi barani Afrika hutumika kipimo cha mkono: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, na vidole vitano ni maumivu yasiyo na kifani. Mgonjwa asiyejua kusoma huweza kukitumia. Akionyesha vidole vinne kabla ya dawa na kimoja baadaye, tumepata tarakimu ya kuandika na kulinganisha.

Kazi ya kila mmoja

Tanzania ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa mwaka 1993. Mtumishi wa afya anayeona dhara analodhani limeletwa na dawa hujaza fomu ya njano, na taarifa hiyo hufika kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Fomu moja haithibitishi kitu. Ni punje moja nyekundu iliyoonwa na mtu mmoja. Fomu nyingi zikikusanywa pamoja, huonyesha mahali pa kutazama kwa makini.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anaponunua dawa na aseme umri wake, dawa nyingine anazotumia, za asili zikiwamo, na kama ana mimba, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo. Asome jina la dawa yenyewe, si jina la biashara pekee. Anywe maji ya kutosha. Maumivu yakiendelea siku nyingi, aende akapimwe, badala ya kurudi dukani kila jioni. Na yule mpagazi wa Kibo, kabla ya kumeza kidonge cha magoti, anywe maji kwanza, apumzike, kisha aulize kama parasetamoli haitamtosha.