Kuhifadhi Masimulizi ya Mizimu na Mazimwi kwa Vitabu vya Picha

Mtahiniwa, ukiulizwa njia za kuhifadhi fasihi simulizi, bila shaka utataja kichwani, maandishi, picha, kanda za sauti, video na kompyuta. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haitoshi pale swali linapokuambia "jadili" au "tathmini". Hapo msahihishaji anataka uoneshe kila njia inaokoa nini na inapoteza nini. Makala haya yanachambua njia moja, yaani kitabu cha picha, na aina moja ya masimulizi: yale ya viumbe wasioonekana. Aina hii ndiyo inayoonesha wazi zaidi nguvu na hatari ya picha.

1. Masimulizi haya yako kundi gani?

Usiyaweke yote katika kapu moja. Yatenganishe hivi:

(a) Ngano. Zimwi linalomeza watoto ni mhusika wa ngano. Fanani na hadhira wote wanajua kuwa ni hadithi ya kubuni yenye funzo.

(b) Masimulizi ya imani. Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, yapo masimulizi ya Kolelo, mzimu wa pangoni unaohusishwa na nyoka mkubwa. Waluguru na Wazaramo waliuendea kuomba mvua. Hapa wasimulizi hawabuni. Wanaeleza jambo waliloliamini na kulifanyia tambiko.

(c) Masimulizi ya kuonwa. Msimulizi anadai kuwa yeye au jirani yake ameona kitu, anataja mahali na usiku wenyewe. Mfano unaojulikana sana ni Popobawa, aliyezua hofu Pemba na kisha Unguja mwaka 1995. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili, popo na bawa.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mchoraji. Zimwi la ngano unaweza kulichora upendavyo. Kolelo anahitaji heshima kwa wenye imani. Popobawa anahitaji tahadhari, kwa sababu hadhira inaogopa kweli.

2. Picha inaokoa nini?

Kwanza, huokoa mandhari. Nyumba, vyombo, mavazi na miti ya mahali hubaki hata kama wasimulizi hawapo tena.

Pili, humvuta msomaji mdogo ambaye hajui kusoma vizuri. John Kilaka, mchoraji wa Kitanzania anayetumia mtindo wa Tingatinga, amesikiliza wasimulizi vijijini na kutoa vitabu vya picha vya ngano za wanyama. Vitabu hivyo vimechapishwa hata Uswisi.

Tatu, huonesha kuwa viumbe wa jadi ni mali ya sanaa yetu. George Lilanga (1934–2005), mzaliwa wa Masasi, alichora mashetani wenye masikio makubwa wakicheza, wakila na kufanya kazi kama watu. Mashetani wake huchekesha na huonya kwa wakati mmoja.

3. Picha inapoteza nini?

Zimwi linalosimuliwa lina sura nyingi kama walivyo wasikilizaji. Kila mtoto aliyekaa karibu na moto analiona la kwake. Likishachorwa, linabaki na sura moja. Sauti ya fanani, ishara za mikono na vitikio vya hadhira havimo katika karatasi.

Lakini hasara kubwa zaidi ni hii: picha hugeuza "wanasema" kuwa "ndivyo alivyo". Msimulizi husema, "Watu walisikia kitu." Mchoraji akichora kitu chenyewe, amekwishaamua jambo ambalo msimulizi hakuliamua.

Hatari hiyo si ya vitabuni tu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu. Macho hayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya moshi wa kuni jikoni. Sasa fikiria kitabu cha watoto ambacho mchawi wake ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Kitabu hicho kinamfundisha mtoto kumwogopa bibi yake mwenyewe. Vilevile, wakati wa hofu ya Popobawa mwaka 1995, kundi la watu mjini Zanzibar lilimuua mtu mwenye ugonjwa wa akili likidhani kuwa ndiye. Sura ya kubuni ilipachikwa kwa binadamu. Ndiyo maana Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi.

4. Namna ya kutengeneza kitabu: mfano wa Munisagara

Chukulia kwamba unaishi Munisagara, wilayani Kilosa, mahali ambapo Reli ya Kati inafuata bonde la mto Mkondoa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya mto huo yaliikumba Kilosa na kuharibu reli. Chukulia pia kwamba babu mmoja anakusimulia kuwa usiku mmoja kabla ya mafuriko zilisikika ngoma mtoni. Fanya hivi:

Kusikiliza. Mwamkie babu, keti, mweleze unachotaka na uombe ridhaa kabla ya kurekodi. Andika tarehe, mahali na aliyekuwepo. Kama anasimulia kwa Kisagara, andika maneno yake kwanza kwa Kisagara, ndipo utafsiri.

Kutenganisha. Weka alama kwenye yale aliyoyaona mwenyewe, yale aliyoyasikia kwa wengine, na yale unayoyaongeza wewe.

Kuchora. Chora alichokitaja tu. Kama alisikia ngoma, chora mto wa usiku, matete yaliyoinama na mtoto aliyeinua kichwa kusikiliza. Mpiga ngoma usimchore. Lugha yetu yenyewe inatufundisha hivyo: neno kinyamkera hutumika kwa pepo na pia kwa kimbunga kidogo cha vumbi. Ukichora vumbi linalozunguka uwanjani, anayeamini ataona pepo na asiyeamini ataona upepo. Simulizi imehifadhiwa ikiwa na mashaka yake.

Kulinda watu. Usichore uso wa jirani, nyumba inayotambulika, wala kiumbe mwenye sifa za kundi lolote la watu: wazee, wenye ualbino au wenye ulemavu.

Kurudisha. Msomee babu rasimu na umwoneshe picha. Akisema, "Hapana, mjukuu wangu, sikusema hivyo," rekebisha. Taja katika kitabu kuwa simulizi ni ya kwake na ya jamii yake. Kumbuka kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia kazi za jadi.

5. Swali la kujipima

"Kitabu cha picha ni njia bora ya kuhifadhi fasihi simulizi." Jadili kauli hii kwa hoja sita.

Mwongozo: Katika utangulizi eleza maana ya fasihi simulizi na ya uhifadhi, kisha toa msimamo wako. Toa hoja tatu za kuunga mkono (mandhari, msomaji mdogo, kuitangaza sanaa yetu) na hoja tatu za kupinga (kupotea kwa utendaji, kuganda kwa sura moja, kuchochea hofu dhidi ya watu). Kila hoja iwe na mfano wenye jina au mahali. Katika hitimisho usirudie hoja. Sema ni kwa masharti gani njia hii inafaa.

Angalizo: Watahiniwa wengi huandika "picha huhifadhi vizuri" na kuishia hapo. Sentensi hiyo haina mfano wala sababu. Jiulize kila mara: imehifadhi nini, kwa ajili ya nani, na nani anaweza kuumia? Ukiyajibu maswali hayo matatu, hoja yako itakuwa imekamilika.